Upepo haurudishi chenji: kulitunza umbo la haibridi yako

Keria ile niliinunua kwa sababu ya machungwa. Ilikuwa Juni, Muheza machungwa yamejaa kando ya barabara, na dada yangu wa Tabata alikuwa na shughuli ya binti yake. Akaniomba viroba sita. Ndani ya gari tayari kulikuwa na magunia ya pilipili manga, kwa hiyo nikafunga keria juu ya Prius yangu, haibridi inayotumia petroli na umeme, machungwa yakafika, shughuli ikapita, watu wakala wakashiba. Keria ikabaki palepale juu mpaka Novemba.

Miezi yote hiyo skrini ya gari ilikuwa inaniambia jambo nisilotaka kulisikia. Safari za Tanga zilizokuwa zinanipa kilomita 23 na kitu kwa lita zikaanza kunipa 21. Nikalaumu mafuta ya kituo, nikabadili kituo. Nikalaumu plagi. Mwisho nikajiaminisha kwamba ni betri kubwa, ile ya haibridi, na bei niliyotajiwa ilininyima usingizi. Nikaenda Ilala kwa fundi wangu, kijana niliyemfundisha kidato cha tatu. Akachomeka mashine yake, akasoma betri kipande kwa kipande, akatoka anajifuta mikono.

"Madam, kwa heshima zote," akasema, "betri haina kosa. Ila hiyo ngazi uliyoibeba juu, unampelekea nani?"

Nimefundisha fizikia miaka tisa kabla sijaingia kwenye biashara ya viungo. Ukinzani wa hewa nimeuchora ubaoni mara zisizohesabika. Na nilikuwa natoka Dar kwenda Tanga na kurudi, mara tatu kwa mwezi, na keria tupu kichwani. Nayaandika haya usije ukanunua betri usiyoihitaji.

Makonda wawili

Ukiendesha haibridi mjini, kila unapokanyaga breki mota inageuka jenereta, na sehemu kubwa ya ule mwendo inarudi kwenye betri. Hairudi yote, lakini inarudi. Ndiyo maana foleni ya Mwenge haimuumizi mwenye Prius kama inavyomuumiza mwenye gari la kawaida: umeme ulioingia wakati wa kusimama ndio unaokuondoa taa zikiruhusu. Breki ni konda mwenye kurudisha chenji.

Upepo ni yule konda mwingine. Nguvu unayotumia kuisukuma hewa inabaki kwenye hewa. Inazunguka nyuma ya gari, inapasha joto kidogo, basi. Hakuna mota itakayoifuata huko nyuma na kukuletea. Ukishatoka Kibaha na kushika mwendo, ile akili yote ya haibridi inakosa kazi, na kinachokuokoa ni injini yenye nidhamu pamoja na umbo la bodi. Bodi ikiharibiwa umbo, barabara kuu unaendesha gari la petroli lililobeba betri.

Tupige hesabu kidogo, mwalimu hafi. Gari langu ni Prius ya 2011, yale ya kizazi cha tatu, injini ya 1.8. Kiwanda kiliipa namba ya ukinzani 0.25, ndiyo ile inayoandikwa Cd kwenye maelezo ya gari, na ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Upana ni mita 1.745 na kimo mita 1.49. Zidisha, kisha chukua asilimia 85 ya jibu kwa kuwa gari si sanduku, unapata uso wa takriban mita za mraba 2.2. Kwa hewa ya Dar ya nyuzi 30 majibu yanatoka hivi: kwenye kilomita 50 kwa saa upepo unanirudisha nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 6. Kwenye 80, kilo 16. Kwenye 100, kilo 25, yaani kiroba kizima cha sembe. Kwenye 120, kilo 36. Matairi nayo, nikiwa na mtu mmoja pembeni, yanadai kama kilo 15, na deni lao halibadiliki sana uende taratibu au mbio.

Kwa hiyo kwenye vibao vya 50 mkubwa ni tairi, na ukijaza upepo sawasawa umemaliza kazi. Kwenye 80 tairi na upepo wa nje wanalingana. Kupita hapo, wa nje ndiye bosi. Na jirani yangu anayejisifu anafika Segera kwa 120 huku akilalamika kwamba haibridi ni uongo wa Wajapani, anabeba kiroba na nusu cha sembe kifuani njia nzima.

Halafu kuna kusi. Tochi ya trafiki inapima mwendo wako na lami. Upepo unapima mwendo wako na upepo. Julai, narudi Dar mchana kutoka Segera kwenda Msata, kusi kinanipiga usoni. Kikiwa cha kilomita 20 kwa saa na mimi niko 90, hewa inaniona niko 110, na mzigo unapanda kwa karibu nusu. Siku hizo natoka Tanga alfajiri kabla upepo haujaamka, au nashuka mpaka 80 na kuacha mabasi yanipite. Ukienda nyanda za juu unapata nafuu kidogo: hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Ila milima ya kufika huko inadai chake.

Watu wanaangalia pua, kesi iko mkiani

Nikimwuliza mtu ni sehemu gani ya gari inapigana na upepo, atanionyesha boneti. Pua inahitaji tu kuwa na mviringo wa kutosha ili hewa igawanyike bila kuchanika. Kazi ngumu ni kuiaga hewa. Bodi ikikatika ghafla, hewa iliyokuwa inatambaa juu ya paa haiwezi kukata kona, inaachia, na nyuma ya gari linabaki eneo la mgandamizo mdogo lililojaa vizunguzungu. Eneo hilo linalinyonya gari kurudi nyuma. Gari la kisanduku lina eneo pana, kwa hiyo linavutwa sana.

Mjomba wangu wa Kigombe ni fundi wa mashua. Mara ya kwanza kuiona Prius aliizunguka kimya, akapitisha kiganja kutoka juu ya mlango wa dereva, akateremka na kioo cha nyuma mpaka pale bodi inapokatika wima. Hapo mkono ukasimama.

"Mpwa wangu, omo nzuri," akasema. "Paa zuri. Mbona tezi wameikata kabla haijaisha? Chombo hiki kitaburuta maji."

Omo ni pua ya chombo, tezi ni mkia wake. Kwa macho ya bahari alikuwa sahihi. Umbo linaloiaga hewa vizuri kuliko yote lina mkia mrefu unaochongoka, kama samaki. Lakini mkia huo ungelifanya gari liwe refu kuliko basi dogo, uegeshe wapi Kariakoo? Miaka ya 1930 huko Stuttgart, Mjerumani Wunibald Kamm alionyesha kwamba unaweza kuuanza ule mkia, ukateremsha paa taratibu, kisha ukaukata wima, na bado ukabaki na sehemu kubwa ya faida. Nikamchorea mjomba mchangani. Akauliza ule mteremko unatakiwa uwe mkali kiasi gani, swali ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza.

Jibu lake ni kwamba ukizidi unaharibu. Mwaka 1984 mtafiti Ahmed na wenzake walichapisha majaribio ya umbo rahisi la gari lenye mgongo wa kubadilishwa. Mgongo ulipoteremka kwa nyuzi 12 na nusu ukinzani ulikuwa mdogo kuliko wote, na kwenye nyuzi 30 ukawa mkubwa kuliko wote. Ndiyo maana paa la Prius linateremka kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni, halina haraka.

Sasa zunguka gari lako na kiganja kama mjomba. Utakuta kioo cha nyuma kimegawanywa na ukingo: hapo ndipo hewa inapoambiwa iachie. Utakuta pembe za bampa la nyuma zina makali, si mviringo. Makali hayo yamewekwa makusudi ili hewa iachie mahali pamoja, isijivute kwenye kona. Baada ya kugongwa nyuma pale Ubungo, fundi wa bodi alitaka "kunilainishia" ile pembe kwa puti ipendeze. Nikamkataza. Akaniangalia kama mteja mgumu, na kweli mimi ni mteja mgumu.

Kazi hii wenzetu wameifanya kwa uvumilivu. Prius ya kwanza, ile ya 1997 yenye buti, ilikuwa na namba 0.30. Ya 2003 ikaja na mgongo huu, 0.26. Ya 2009 ni 0.25, ya 2015 ni 0.24. Honda Insight ya 1999 nayo ilifika 0.25 pamoja na kufunika sehemu ya juu ya magurudumu ya nyuma, na Volkswagen walipotengeneza XL1 chache, haibridi ya dizeli, walishuka mpaka 0.19, lakini ile ina viti viwili na mlango wa kupaa. Prius mpya iliyoingia sokoni 2023 imerudi 0.27, kwa sababu walitaka ipendeze, ingawa wameifupisha kimo kufidia. Kwa hiyo kutoka 0.30 hadi 0.24 ni miaka 18 ya wahandisi. Keria yangu, nikilinganisha na mafuta yaliyoliwa, ilinipeleka kama 0.29. Asubuhi moja, fundi mmoja, spana moja.

Soma vumbi, kisha funga nyuzi

Huhitaji maabara. Pita kilomita chache za vumbi, simama, nenda nyuma ya gari kabla mtoto hajaandika "nioshe". Vumbi linakaa pale hewa inapozunguka na kurudi. Nyuma ya Noah utakuta kioo chote kimepakwa sawasawa, juu hadi chini. Kwenye Prius nzima, kioo cha juu kilicholala kina vumbi jepesi lenye mistari, na kile kidogo cha wima cha chini kimefunikwa. Mpaka kati ya viwili hivyo ni mstari ulionyooka kama uliopigwa rula. Ukiona kioo cha juu nacho kimechafuka mabaka mabaka katikati, kuna kitu kwenye paa kinaivuruga hewa kabla haijafika huko. Langu lilikuwa na mabaka mawili, kila moja nyuma kabisa ya mguu wa keria. Niliyaosha kila Jumamosi miezi mitano bila kuyasoma.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua uzi wa sufu wa kufumia, kata vipande vya kidole kirefu, bandika kwa gundi ya karatasi kwenye kioo cha nyuma na bampa, kama 30 hivi kwa mistari. Mtu mwingine aendeshe nyuma yako kwa umbali salama na abiria wake apige video. Hewa tulivu inalaza nyuzi zikaelekea nyuma zote kama nywele zilizochanwa. Hewa iliyoachia inazizungusha, na nyingine utaziona zimegeuka zinaelekea mbele, yaani upepo wa nyuma ya gari unaenda mwelekeo mmoja na gari. Mwanangu alipoiona ile ya kwenye kibao cha namba ikipiga duara alicheka mpaka akasahau kushika simu vizuri.

Kazi yenyewe

Anza na keria, na ngao ya mbele kama umefunga. Usipokuwa na mzigo, ishuke. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba sanduku kubwa la mizigo juu ya paa linaongeza hasara ya asilimia 6 hadi 17 barabara kuu, na 10 hadi 25 ukienda kasi ya 105 hadi 120. Mzigo uleule ukifungwa nyuma ya gari hasara ni asilimia 1 hadi 5. Sababu unaijua sasa: nyuma tayari kuna vizunguzungu, kule juu ndiko hewa ilikokuwa inatembea kwa adabu.

Mzigo ukiweza kukaa ndani, uweke ndani. Watu wanaogopa uzito kuliko upepo. Gunia la kilo 50 kwenye tambarare linaongeza deni la tairi kwa nusu kilo tu. Keria tupu kwenye 90 ilikuwa inaniongezea zaidi ya kilo tatu. Laza viti vya nyuma, panga magunia, ila chunga tundu la hewa lililoko pembeni mwa kiti cha nyuma: hapo ndipo betri ya haibridi inapovuta hewa ya kujipoza. Mimi niliwahi kuliziba kwa gunia la mdalasini kutoka Amani mpaka Segera, feni ikaanza kulia kama nyuki. Betri niliyokuwa naisingizia keria ikikosea, siku ile ningeiua kweli.

Halafu lala chini uangalie tumbo la gari. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo haibridi nyingi za kwetu zilipoharibikia. Prius na Aqua zikitoka Japani zina makava ya plastiki chini ya injini na pembeni mwa sakafu, yanaifanya hewa ipite kama chini ya meza badala ya chini ya kitanda chenye masanduku. Yanakufa kwa njia mbili. Kwanza tuta: Prius iko sentimita 14 tu kutoka chini, kava linakwaruza, klipu zinakatika moja moja, linaanza kuning'inia. Pili mafundi: wanalitoa ili kumwaga oili, kurudisha ni kazi, wanalitupa kwenye kona ya gereji na kukuambia "lilikuwa limechoka". Kwenye gari langu kuna kifuniko kidogo kwenye kava palepale penye nati ya oili, hakuna haja ya kutoa kava zima. Msimamie fundi umwonyeshe.

Kama limeshaondoka, tafuta la gari lililokatwa kule Ilala, na ununue klipu mpya za kutosha, uweke chache kwenye droo ya gari. Nimeona watu wakitengeneza kwa plastiki ya pipa la maji. Inawezekana, mradi uiache mbali na ekzosi, utoboe pa kutokea joto na maji, na ukingo wa mbele ufungwe kwa boliti zenye washa pana, maana plastiki ikishaachia mbele inakuwa koleo: inachota hewa, na siku moja inachota tuta. Kava linaloning'inia ni baya kuliko kutokuwa nalo kabisa.

Magurudumu. Prius hizi nyingi zimekuja na rimu nzuri za aluminiamu za inchi 15 zilizofunikwa na wilikapu ya plastiki iliyo bapa. Kijana anainunua, anagundua rimu, anafurahi, anatupa wilikapu. Ile sura bapa ipo ili hewa isichezewe na mashimo ya rimu. Zirudishe, zifunge na zipu tai kama zinapenda kuruka. Tairi baki na 195/65R15. Tairi pana linaongeza uso na linaongeza deni la lami, unalipa mara mbili.

Kuinua gari kwa spesa sina ugomvi nako. Ukikaa Goba ndani ndani na mvua ya masika, sentimita tatu ni uhai wa kava lenyewe. Jua tu kwamba hewa nyingi itapita chini, kwa hiyo makava yawe kamili, na usiinue kwa ajili ya mwonekano. Usiinue nyuma pekee.

Vioo: mjini chini ya 60 fungua ukitaka. Barabara kuu funga, washa AC. Kompresa ya Prius ni ya umeme na haiombi sana, na vumbi la nje likiingia ndani linaishia kwenye ile feni ya betri.

Utaona video za Wamarekani wanaziba sho ya mbele kwa sponji ili hewa isiingie kwenye rejeta. Wanafanya hivyo wakiwa na theluji. Usiige. Injini hizi za kizazi cha tatu gasketi ya silinda hedi ni udhaifu unaojulikana, na joto la Chalinze saa nane mchana halihitaji msaada wako. Kujificha nyuma ya lori ili likuvunjie upepo nako sikuelezi namna yake. Kunafanya kazi, na ndiyo maana nimeshaona mtu akiingia chini ya tela.

Kama bado hujanunua

Usiangalie 0.25 peke yake. Zidisha na uso. Aqua ina 0.28, ni fupi na haina nafasi ya kuteremsha mgongo, lakini uso wake ni mdogo, mita 1.695 kwa 1.445. Ukizidisha yote, inapishana na Prius kwa asilimia tano au sita tu, na ni nyepesi kwa zaidi ya kilo 200. Kwa mtu wa mjini ningechukua Aqua bila kufikiri. Prius Alpha, ile ya familia, ina 0.29 na ni pana na ndefu kwenda juu. Jibu lake linaizidi Prius kwa karibu robo. Haina ubaya kama una watoto wanne, ila usishangae kwa nini mwenzako mwenye injini ileile anakupita kwenye kilomita kwa lita. Haibridi ya kisanduku ni nzuri kwa daladala za mtandaoni, inarudisha chenji kila kituo. Kuipeleka Mwanza kila wiki ni jambo lingine.

Kupima bila kujidanganya

Chagua kipande kimoja cha barabara. Mimi natumia Msata hadi karibu na Segera. Nenda na urudi, ili upepo na mwinuko vifutane. Asubuhi mapema. Mwendo mmoja, 90, isipokuwa kwenye vibao. Tairi zijazwe zikiwa baridi. Na hili wengi hulisahau: vibao vya chaji ya betri kwenye skrini viwe sawa mwanzo na mwisho, kwa sababu ukianza na saba ukamaliza na vinne umekula umeme ambao hukuuhesabu. Rudisha Trip B, kile kihesabu cha safari, kwenye sifuri, endesha, andika. Kisha badilisha kitu kimoja tu, rudia. Kisha kirudishe kilivyokuwa, rudia tena. Ile safari ya tatu ndiyo inayomkamata mwongo.

Yangu: na keria tupu, 21.3. Bila keria, 23.8. Nilipoirudisha, kwa uchungu, 21.5. Skrini inajisifu kuliko pampu, kwa hiyo linganisha skrini na skrini, usichanganye. Wilikapu peke yake sikuweza kuiona kwenye namba. Tofauti yake ni ndogo kuliko bahati ya siku. Makava ya chini niliyaona kidogo, si kwa kiwango cha kuapa.

Keria sasa inaning'inia ukutani chini ya ngazi, kati ya ungo na baiskeli ya mtoto. Boliti zake nne ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya friji, na spana ya L humo humo. Juni ikifika, dada akipiga simu, kuifunga ni dakika kumi. Nimemwambia fundi akiiona juu ya gari mwezi Julai ana ruhusa ya kunisema mbele ya wateja wake.